Upenyo wa Upande wa Mama Zaina

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilianza na mbuzi. Mbuzi wa Mama Zaina, jirani yetu wa upande huu, alikuwa amepenya kwenye ua wa miti na kutafuna sombe, majani ya muhogo niliyopanda nyuma ya jiko. Vita vilikuwa vimetufungia mjini. Mashambani hatufiki, treni haiji na chakula, kila jani lililoota kiwanjani ndilo mlo wetu. Nami nilikuwa na mimba yako. Miaka mingi nilikuwa nimengoja mtoto mpaka watu wakaacha kuniuliza, ukaja wewe, peke yako. Kwa hiyo niliona mbuzi yule anakula chakula chako. Nikakata miti, nikaanza kuziba upenyo.

Mama mkwe wangu, aliyemzaa baba yako, akatoka ndani.

"Acha ile miti," akasema. "Mbuzi iko na makosa, njia haina. Siku hatari itakuya ku mulango ya mbele, weye utapitia wapi?"

Akaing'oa mwenyewe, akaitia jikoni, tukaipikia. Nilinuna mpaka jioni. Huyu mwanamke alikuwa mgumu, wala usidhani ninamsifu kwa sababu amekufa.

Haikupita wiki, watu wenye bunduki wakaingia mtaani kwetu, Mikelenge, nyumba kwa nyumba. Baba yako alikuwa ng'ambo ya mto, Alunguli, hana namna ya kuvuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni akitwanga sombe. Hakuacha kutwanga.

"Pita," akaniambia. "Miye nitabakia. Magulu yangu haikimbie tena."

Nikapita hapa hapa, tumbo langu likikwaruzwa na miti. Mama Zaina alikuwa amekwisha nyoosha mkono upande wa pili. Akaniingiza jikoni kwake, akanifunika mikeka. Nikawa nasikiliza mchi wa mama mkwe, maana ukilia, najua yuko hai.

Ukanyamaza. Nikasikia sauti ya mwanamume: "Uko na nani humu?"

"Niko na kinu yangu tu."

Niliogopa, mwanangu, nikamwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpango. Walichukua sufuria, wakachukua magodoro, na walipotoka wakaondoka na mbuzi wa Mama Zaina, aliyekuwa amepenya tena kwetu. Hata mbuzi yule nilimlilia. Kisha mchi ukaanza tena, polepole, na nikajua bado nina mama.

Ulipofika wakati wako wa kuzaliwa, mikono iliyokupokea ilikuwa ya Mama Zaina. Alipitia hapa. Barabarani palikuwa hapapitiki.

Leo umerudi kutoka Lubutu na pesa zako, umeleta matofali na fundi, unataka ukuta kuzunguka nyumba yote. Sikatai. Wezi wapo, na nyumba ya baba yako inastahili kupendeza. Lakini fundi amenisalimia mara mbili akitaka nipishe, na kiti changu sikiondoi hapa penye upenyo. Mama Zaina ni mzee sasa. Kila asubuhi anapitia hapa kuja kunywa chai nami. Unataka azunguke barabara nzima, apige hodi kwenye lango la chuma kama mgeni?

Jenga, mwanangu, lakini ukijenga usimfungie jirani. Lango la mbele linazuia mwizi. Hatari kubwa inapokuja, lango halikusaidii kitu. Anayekusaidia ni mtu wa upande wa pili, na mtu huyo anahitaji mahali pa kukunyooshea mkono.

Mungu akubariki katika nyumba hii, akupe mke na watoto wengi kuliko nilivyojaliwa mimi, na majirani wanaojua jina la kila mmoja wao. Sasa nishike mkono niinuke. Mwambie fundi aweke mlango mahali kiti changu kilipo, bila kufuli, upana wa kumpisha mwanamke mwenye mimba.