"Sijui" Niliyoimeza

Kanisani kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, mimi njo mtafsiri. Akija mgeni wa Kiingereza, ninasimama kando yake na kuyaweka maneno yake kwa Kiswahili. Nilikuwa najisikia sana kwa kazi hiyo, sifichi.

Mdogo wangu, dada aliyekuwa akifundisha sayansi hapa kambini, alikuwa ameacha kusali. Alisema dunia anaielewa vizuri bila Mungu. Nilimbembeleza miezi mingi, mpaka niliposikia kwamba anakuja mwalimu wa fizikia kutoka Lilongwe, Mmalawi mzee, Mkristo. Huyo, nilimwambia, atakujibu kwa sayansi yako mwenyewe. Akakubali kuja, mara moja tu.

Mdogo wangu akasimama mbele ya bantu bote, akauliza kwa Kiswahili, kwa heshima: je, sayansi inaweza kuthibitisha kwamba Mungu yupo? Nikaliweka swali kwa Kiingereza. Mzee akasema: sijui. Yeye hajawahi kuiona ikifanya hivyo. Inamwonyesha namna vitu vinavyokwenda, basi. Anaamini kwa sababu zingine, na kuna siku anashindwa hata kujijibu mwenyewe, lakini bado anasali.

Haya ilinishika kwa niaba yake. Kanisa zima linaningoja mimi, na mgeni ananipa jibu la namna gani? Nikafungua kinywa.

"Anasema sayansi imekwisha kuthibitisha Mungu iko. Mwenye kukatala ni mujinga tu."

Bantu bakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Mzee akadhani ni jibu lake linaloshangiliwa, akanipa mkono, akishukuru kwa Kichewa: zikomo, zikomo. Mdogo wangu alitundika sakoshi yake begani akatoka. Na mi, mtafsiri mkubwa, nilikuwa nimesahau kwamba anafundisha kwa Kiingereza kila siku iendayo kwa Mungu. Ninaona haya mpaka leo.

Sasa anakaa Lilongwe, mtaa wa Area 36. Mwezi uliopita nilienda sokoni Old Town, huko huko mjini, kununua uzi wa cherehani, nikapitia kwake. Akanipikia nsima, ugali wa huku. Nilitaka kuombea chakula, nikashindwa. Nikamwambia badala yake maneno ya mzee, yote, kama alivyoyasema.

Aliendelea kunawa mikono.

"Nilimusikia siku ile ile, yaya," akasema, kama anavyoniita mimi mkubwa wake. "Nilikuwa nangoja we useme. Ungesema ile 'sijui' yake, mi ningerudi kusali."