Kungojea Bamvua Jedda

Mimi si mtu wa kukaa. Nikiwa Riyadh natamani Jedda, na nikifika Jedda, kabla sijavua viatu, nauliza ndege ya kurudi ni saa ngapi. Mume wangu hunitania kwamba hata chai nainywa nikiwa njiani kuelekea jikoni kuosha kikombe. Hasemi uongo.

Mwaka huo, siku za mwisho za Shaabani, nilikuwa na sababu zaidi ya kutotulia. Mwenye nyumba ya Baghdadiya, alimokaa mama yangu tangu mimi sijaanza shule, alikuwa anaitaka nyumba yake. Ndugu yangu mdogo anaishi hukohuko Jedda, lakini kwake ni ghorofa ya nne na lifti yake hufanya kazi ikipenda, na magoti ya mama na ngazi haviivi chungu kimoja. Palibaki kwangu Riyadh, mtaa wa Suwaidi, chumba cha chini chenye mlango wake wa uani. Nilikwisha kukipaka rangi na kununua godoro. Kilichobaki ni mama kukubali, na mama hakutaka kusikia habari ya mji usio na bahari.

Nilimbembeleza kwa simu kutoka ofisini Olaya, nikizunguka ukumbini mpaka wenzangu wakanizoea. Mwisho akachoka na mimi.

"Haya, ntakuja," akasema. "Lakini jungu la mwaka huu n'vunjieni baharini, nje kabisa, kwenye maji masafi. Nikishavunja jungu, nichukueni mnipeleke mnakotaka."

Kuvunja jungu ni ule utamu wa mwisho kabla ya Ramadhani: mnapika, mnatoka, mnakula na kucheka mpaka jua liingie. Unguja watu huenda mashamba na fukweni. Sisi wa Jedda, tangu ndugu yangu anunue boti yake kuukuu ya plastiki, tulikuwa tukitoka nayo, tunatia nanga karibu na matumbawe, tunakula sambusa zinazonuka petroli kidogo. Mama aliletwa Jedda kutoka Unguja mwaka wa Mapinduzi, akiwa msichana mdogo, na hiyo ndiyo siku moja katika mwaka mzima aliyokuwa anavua soksi mbele ya watu.

Kwa hiyo nikaona mambo yamekwisha. Nikakata tikiti mbili za kurudi, yangu na yake. Ndipo ndugu yangu akanipigia.

"Dada," akasema, "mlango wa mfereji umeziba."

Boti yake hufungwa kwenye mfereji mmoja kaskazini ya mji. Ulichimbwa zamani kuingia nchi kavu, nyumba kubwa zikajengwa pande zote mbili, na waliouza waliahidi kwamba mtu atatoka mlangoni pake aingie botini, kisha bahari kuu. Watu wadogo kama ndugu yangu, fundi wa viyoyozi, walikodi nafasi ya kufunga boti mwishoni kabisa, karibu na majaa. Miaka ya mwanzo mambo yalikwenda. Halafu kampuni iliyosimamia ikabadilika, ikaja nyingine, na mfereji ukaanza kuachwa. Mashine iliyokuwa ikisukuma maji yasilale ikaharibika. Mifuko ya plastiki ikajaa, inajizungusha kwenye rafadha mpaka mashine ya boti inanyamaza. Maboya ya kuonyesha njia yalichukuliwa na upepo, na taa za mlangoni zikafa moja baada ya moja. Mchanga nao ukaingia taratibu, ukafanya fungu katikati ya mlango.

Dawa ya kampuni haikuwa kuchimba. Ilikuwa kuzuia watu. Walifunga mnyororo, wakaweka mlinzi, wakatangaza kwamba boti kubwa hazitatoka, na ndogo zitatoka kwa ruhusa, kati ya asubuhi na magharibi, kwa jukumu la mwenyewe. Sababu, walisema, ni usalama wetu. Mwalimu mmoja mstaafu, Mhijazi, mwenye boti nzuri kuliko zote pale, alikuwa hajatoka tangu Haji. Alikuwa akija kila asubuhi, anaiwasha mashine, anaisikiliza, anaizima, anarudi nyumbani.

Nilipoyasikia hayo damu ilinichemka. Nikaingia kwenye kundi la simu la wenye boti, mimi nisiye na hata kasia, nikaandika malalamiko marefu kwa Kiarabu cha shuleni. Nikataja mnyororo, taa, uvundo, fedha ya kukodi inayochukuliwa kila mwezi kwa maji yasiyopitika. Nikawataka wote waunge mkono, tuipelekee kampuni kwa sauti moja. Watu wawili walinijibu kwa picha za maua zilizoandikwa Jumaa Mubarak. Mwalimu peke yake aliandika: "Ahsante, binti yangu. Nitayapeleka mwenyewe." Nikajua yamekufa hayo.

Nilifika Jedda Alhamisi, nikamkuta mama anakanda unga wa sambusa. Nikamweleza habari ya fungu la mchanga. Nilitazamia angalau asikitike. Hakuacha hata kukanda.

"Mwezi unaisha," akasema. "Mwezi ukiisha maji ni ya bamvua. Tutoke mchana, alasiri yatajaa, yatatunyanyua na kutupitisha juu ya mchanga kama hapana kitu. Babaako mdogo alikuwa akilipitisha jahazi zima namna hiyo."

Nikapumua. Tangu utoto nimesikia wakubwa nyumbani wakizungumza habari ya bamvua, maji yanayojaa mpaka kwenye vizingiti vya nyumba na kupwa mpaka watu wanatembea kwa miguu kwenda kuokota chaza. Mimi mwenyewe sikuwa nimepata kuona. Kwangu ilikuwa elimu ya mama, na elimu ya mama haiulizwi cheti. Nikamtazama ndugu yangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari. Yeye ndiye mtu wa bahari kati yetu. Alitazama chini, akasema, "Inshallah, mama."

Ijumaa baada ya sala tukateremka botini: mama kwenye kiti cha plastiki, mke wa ndugu yangu na sufuria ya biriani miguuni, mimi na katlesi, mkate wa kumimina na chupa ya chai. Mfereji ulinuka. Tulipita taratibu kati ya boti zilizofunikwa maturubai, na mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye yake, akatupungia mkono. Penye mnyororo mlinzi, kijana wa Kisudani, aliziangalia sufuria, akamwangalia mama, akatulegezea. "Kabla ya magharibi muwe mmerudi," akasema.

Ndugu yangu akapunguza mwendo, akanyanyua mashine, akajaribu pembeni palipoonekana weusi wa kina. Boti ikakwaruza, ikasimama. Mbele yetu, hatua chache tu, bahari ya nje ilikuwa ya buluu, safi kabisa. Mama hakuona tabu. Alimwambia mke wa ndugu yangu afunge kitambaa kwenye mti wa kupimia kina uliosimama pale, mahali hasa maji yalipogusa.

"Kitambaa kikizama chote, tunapita," akasema mama. Akatoa tasbihi.

Tukangoja. Kungoja ni adhabu kwangu. Nilikaa mbele, nikaenda nyuma, nikafunua sufuria, nikafunika. Nilihesabu saa ya ndege ya kesho yake na ya kufunga mizigo. Niliitukana kampuni kimoyomoyo, kisha kwa sauti ndogo, na mke wa ndugu yangu akanikumbusha kwamba leo Ijumaa. Kila mara nikatazama kitambaa. Ncha yake ilikuwa imelowa kama mwanzo.

Ikaingia alasiri. Mama akasali amekaa. Nikamfuata ndugu yangu nyuma, penye mashine.

"Mbona hayaji?" nikamuuliza.

Akajibu bila kunitazama. "Dada, bahari hii haijai. Hapa Jedda maji hayapandi wala hayashuki, labda shibri moja. Bamvua ni ya kwao."

Sikuamini masikio yangu. "Na ulijua toka jana?"

"Nilijua toka nina miaka kumi."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie vipi? Nimfundishe mama bahari?"

Nilitaka kumtia makonde. Halafu nikafikiri: na mimi je, ningemwambia? Kwetu mtu humrekebishi mamaako mbele ya watu, na ndani ya boti hakuna mahali pasipo mbele ya watu. Tulirudi tukakaa, sote wanne tukitazama kitambaa ambacho wawili wetu tulijua hakitazama. Nilimwonea huruma mama.

Ni yeye mwenyewe aliyesema.

"Hayajai," akasema.

"We," akamwambia ndugu yangu, "ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukan'leta."

"Ulisema yatajaa."

Mama akazungusha tasbihi kidole kimoja. "Miaka yote hii," akasema, "kila nikipelekwa Korniche jioni nakuta maji yamejaa. Siku zote yamejaa. Mie nikawa najisemea, Mungu ananipenda, sijapata kukuta yamekupwa hata siku moja." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kumbe hayendi popote."

Sijui ni nini kilichoniumiza zaidi, kile kicheko au tikiti mbili zilizokuwa kwenye mkoba wangu. Nilifungua mdomo niseme tutarudi siku nyingine, ndugu yangu atakodi boti ya watu, tutafanya hivi na vile. Mama hakunipa nafasi. Alikuwa anavua soksi.

"Maji haya yanafika wapi?" akauliza.

"Magotini," ndugu yangu akasema.

"Basi yamekupwa. Maji yakipwa watu huteremka. Nishike."

Ndugu yangu akaruka kwanza, akamnyanyua mama kwa mikono miwili, akamweka mchangani. Nami nikateremka na baibui langu, sikujali. Tukamshika huku na huku, tukavuka fungu lile lililotuzuia, polepole, mama akipapasa kwa nyayo. Upande wa pili maji yalikuwa baridi na yanaonekana mpaka chini. Aliinama, akaokota gamba dogo, akalisugua kwa kidole, akalitia katika ncha ya mtandio. Nimemjua mama umri wangu wote na sikuwa nimepata kumwona akitembea namna ile, kama mtu anayejua aendako.

Filimbi ikalia. Mlinzi alikuwa amesimama juu ya mawe. "Mamnuu, ya haja! Hapa hairuhusiwi!"

Mama akamgeukia, akamjibu kwa Kiarabu chake cha Kihijazi kilichonyooka. "Mwanangu, boti mmezikataza, sawa. Na miguu pia?"

Kijana akatazama kushoto na kulia, akakaa juu ya mawe. "Halas, basi," akasema, "lakini upesi." Baadaye nilimpelekea sahani, na alikula akitugeuzia mgongo, nadhani ili aweze kusema hakutuona.

Jungu tulilivunjia palepale, boti imekwama kwenye mchanga, mama kwenye kiti chake cha plastiki ndani ya maji, sahani mapajani. Alikula vizuri. Alipomaliza akanawa mikono baharini, akasema kama anayezungumzia kazi ya nyumbani, "Haya, n'peleke huko Riyadh kwako. Ahadi ni ahadi."

Nilikuwa nimelitaka neno lile mwaka mzima, na nilipolipata nilitamani nilirudishe mdomoni mwake. Maana sisi hatukutimiza sharti. Hatukumfikisha nje kabisa, tulimfikisha penye fungu la mchanga. Nilimwambia hivyo hivyo, na machozi yakinitoka.

"Nimevunja jungu, sikuvunja?" akasema. "Acha kelele, ulete chai."

Tulirudi Riyadh kesho yake. Alifunga Ramadhani kwangu, akaizoea sauti ya adhana ya msikiti wetu, akagombana na jirani kuhusu paka, wakapatana. Gamba lile liko dirishani, karibu na dawa zake. Mimi nikawa mwenye wasiwasi kuliko yeye. Kila akinyamaza nilidhani anaikumbuka bahari, nikawa naingia na kutoka chumbani mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kisha, baada ya Idi kubwa, ndugu yangu akanitumia video. Malalamiko yangu hayakufa. Mwalimu aliyapeleka kweli, akayapeleka tena, akaenda kukaa ofisini kwao kama alivyokuwa akikaa kwenye boti yake, mpaka wakaleta mtambo wa kuchimba. Fungu limeondolewa, mnyororo umefunguliwa, maboya mapya yanang'aa. Mwalimu alikuwa wa kwanza kupita. Kwenye video anasikika akisoma dua, na boti yake inakata maji pale tulipoweka kiti cha mama.

Wenye boti wote walikuwa wakipongezana, na wengine wakanipongeza mimi. Niliitazama video nikiwa nimesimama kwenye metro, nikaitazama tena, nikakosa raha. Lile lilikuwa jambo nililolipigania kwa hasira zangu zote. Na pahala pekee Jedda ambapo mama yangu alitembea baharini pamechimbwa, pamekuwa kilindi, na malalamiko yaliyoanzisha hayo ni yangu.

Nilifikiri nimfiche. Nilifika nyumbani nikamkuta uani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, dawa yake ya magoti. Nikazunguka uani, nikapanga viatu, nikafunga bomba lililokuwa limefungwa.

"Sema tu," akasema.

Nikamwambia yote: mtambo, mwalimu, mlango kufunguka. Nikamwambia kwamba ule mchanga wetu haupo tena, na pale aliposimama sasa maji yanapita kichwa cha mtu.

Akachezesha vidole vya miguu ndani ya maji.

"Basi yamejaa," akasema. "Si niliwaambia? Nyie hamna subira tu."

Akaniomba niongeze maji ya moto kwenye beseni.