Pareto ya Mama Priska

Siku Mwalimu Manase alipomwona Mama Priska kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa ameinama katika shamba la shule, nje kidogo ya Njombe, akiwaonyesha wazazi namna ya kuchuma pareto. Alikuwa mjane, na kazi hiyo aliijua tangu alipokuwa kibarua kwa Mzungu.

"Kamwene, Mwalimu! Usiyaone kuwa maua tu. Wazungu wanayasaga kuua wadudu, na sisi yatatupa mabati."

Manase, mtu wa haya, alitabasamu tu. Mkaguzi alikwisha sema kwamba shule isipoezekwa mabati itafungwa.

Maua yalipochumwa, mvua ikashika. Pareto mbichi huoza upesi, basi Mama Priska akampa kila mzazi kikapu cha maua akayaanike mkekani, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Manase akanyong'onyea. Kikapu kikishaingia kwa mtu, nani atakirudisha?

Jua lilipotoka, wazazi wakaja na maua makavu vichwani. Hata mzee Romanus, ambaye pombe ya ulanzi haikumwachia kitu nyumbani, alileta chake kimejaa. Lori likaipeleka pareto Makambako, likarudi na mabati. Manase akashusha pumzi.

Mwalimu alipohamishwa, Mama Priska alimsindikiza hadi barabarani. Lori likiwa linanguruma, Manase akajikaza kuuliza, "Mama, hukuogopa kwamba vikapu havitarudi?"

Mama Priska akacheka. "Vyote vilirudi, Mwalimu. Waliotoroka ni viroboto wetu tu, na hao waende salama!"