Ujumbe Nilioutuma Kutoka Stoo

Nafanya usafi katika hospitali moja hapa Karatu. Juzi aliletwa mwimbaji maarufu. Gari lake lilipinduka akitoka Ngorongoro, akaumia vibaya ubongo. Mama yake alitusihi wafanyakazi, “Wanangu, msimseme nje.” Niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ila huu mdomo wangu! Nilijifungia stoo nikamrekodia dada yangu ujumbe: “Yule mwimbaji tunaye hapa, amemsahau hata mama yake!” Dada akausambaza. Kufika mchana, umati umejaa getini.

Mara yule mama akatoka wodini, sauti yangu ikisikika kwenye simu yake. Niliinama nikideki.

“Binti, mbona leo hunisalimii?”

“Shikamoo, mama.”

Hakuitikia. Alizima simu. “Kumbe ni wewe.”