Kipepeo Hana Nauli

Kumekucha sasa hivi, na magari bado ni ya kuhesabu. Mwanamke wa makamo amechuchumaa katikati ya kipilefti kidogo, pale magari yanapozunguka njia panda, ndoo ya maji pembeni, anageuza jani moja moja kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

Ni mtunza bustani za barabarani. Mtaani wanamwita Bibi Vipepeo, ingawa hapa alipo hakuna kipepeo hata mmoja.

"Walikuwepo," anasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anaogopa kuwaamsha. "Wa njano. Ukitulia unaona maua yanaruka."

Anatunza pia kipilefti kikubwa, jirani na msitu wa jiji. Huko vipepeo ni wa kila namna. Wakifa hawa, wanaingia wengine. Hiki kidogo kiko mbali, na lami imekizunguka pande zote.

"Hiki ni kisiwa, mwanangu. Kidogo, halafu cha mbali. Wakiisha, nani atakuja kujaza nafasi? Kipepeo hana nauli."

Anastaafu mwisho wa mwaka, na anachotaka ni kimoja tu: aondoke wakiwa wamerudi. Ndiyo maana alipanda maua kwenye makopo ya rangi, akayagawa kwenye milango ya maduka, njia nzima kutoka msituni, vipepeo wapate pa kutua. Kinyozi alikubali, muuza vocha alikubali, na fundi cherehani, mume wa mdogo wake, akachukua kopo la mwisho.

Mwezi uliopita majani ya fundi yakaanza kuliwa. Kwa moyo mweupe kabisa, akakanyaga viwavi wote, akapuliza na dawa juu yake, kisha akamwita shemeji yake aje aone kazi nzuri.

"Nilishindwa kucheka, nikashindwa kulia," anasema. "Nikamwambia, shemeji, hao ndio vipepeo wenyewe!"

Tukiwa bado tunaongea, fundi anavuka barabara, futi ya kupimia shingoni, kopo jipya kifuani, akipigiwa honi. Chini ya jani lililotobolewa kuna kiwavi mwembamba kama uzi.

"Huyu sijamgusa, shemeji. Hata feni sijawasha, asije akapeperushwa," anasema akihema. "Nauli yake nimelipa mimi."

Bibi Vipepeo anacheka huku machozi yanamtoka. Anapokea kopo, analiweka kivulini.

"Nikistaafu nitakuja hapa kama mgeni," anasema. "Bila ndoo. Nikae tu, niwaangalie."