Goti la Mswisi

Ijumaa iliyopita nilirudi Al Mintirib, huku Oman, kuifungua nyumba ya bibi, maana mjomba amepata mpangaji na kila kilichomo lazima kitoke. Niliendesha kutoka Nizwa, ninakofanya kazi, nikapita Ibra bila ya kusimama, na nilipofika nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Ndani ya kabati la sebuleni nikaikuta chupa ya mafuta ya bibi. Ilikuwa tupu. Nikaifungua hata hivyo, nikanusa: karafuu, na nyuma ya karafuu, nazi iliyochacha. Nikakaa chini pale pale kwenye vigae, mpaka mjomba akauliza kutoka mlangoni, "Wewe umekuja kuhamisha vitu au umekuja kukaa matanga?"

Unanijua mimi. Sina imani na kumbukumbu. Watu wetu wakianza kukumbuka, kila kisima cha zamani kinakuwa na maji matamu na kila bibi anakuwa walii. Mimi huuliza maji hayo alikuwa akiyateka nani. Lakini hii nitakusimulia kama ilivyokuwa, kwa sababu wiki hiyo hiyo mjomba alituletea kwenye grupu la familia habari ya gazeti moja la Uswisi, na ndani ya habari hiyo bibi yangu ametajwa kuwa alisema maneno ambayo hakuyasema hata siku moja.

Al Mintirib ndipo lami inapokoma na mchanga unapoanza. Kila gari linaloingia jangwani husimama kwanza hapa kupunguza upepo wa matairi, na likitoka husimama tena kujaza. Mjomba alikuwa dereva wa watalii, akiwapeleka kwenye kambi za ndani, na aliona haya kuwaacha wageni wake juani pale gereji. Basi aliwateremsha kwetu. Bibi aliwapa kahawa, tende na vitumbua vya moto, wao wakapiga picha mlango wetu, mjomba akarudi na gari, wakaondoka. Hawakurudi tena. Utoto wangu ulijaa nyuso zilizokunywa kahawa yetu mara moja tu.

Mswisi peke yake ndiye aliyerudi.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi. Aliingia akichechemea, mrefu, mabega kama mlango wa ghala, akakaa mkekani na mguu mmoja ameunyoosha mbele. Bibi hakumtazama uso, alimtazama goti. Bibi alizaliwa Pemba, na mama yake alikuwa mchuaji. Waliletewa wachumaji wa karafuu walioanguka mitini, wakawachua mpaka wakaweza kupanda tena, kisha wakaanguka tena. Aliolewa akaletwa Oman, na kazi ile akaja nayo mikononi.

"Muulize ameanguka mti gani," akanambia.

Kiingereza nilikijua kuliko wote nyumbani ukimtoa mjomba, na mjomba alikuwa kwenye matairi. Mswisi naye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, kwao wanasema Kijerumani. Tukaelewana polepole. Alikuwa mchezaji wa hoki ya barafuni, mshambuliaji, na ndiyo kazi yake. Msimu wao ukiisha huja jangwani kwa sababu mwaka mzima yuko kwenye baridi na anataka mifupa yake ishike moto.

"Barafu?" bibi akauliza. "Barafu hii?" Akanituma kwenye friza nilete barafu yake ya ukwaju, ile aliyokuwa akiigandisha kwenye vifuko vya plastiki. Mswisi akaichana, akaiweka juu ya sinia, akaichapa kwa mpini wa upawa. Ile barafu ikateleza, ikaruka ukingo, ikampiga jirani yetu, mwanamke wa Kibedui, kwenye barakoa yake ya usoni.

Jirani alikuwapo kila mara. Bibi alimwita makusudi ili asikae na mwanamume mgeni bila ya mtu mzima mwengine, na mlango ukaachwa wazi. Mwenyewe bibi alisema, "Mimi kizee, na huyu ni kama mwanangu," lakini jirani alikaa, kikombe mkononi. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza, na kwa kila jambo alikuwa na la kusema kwa Kiarabu. Siku ile, akiupangusa ukwaju puani, alisema, "Hawa hawana wazazi?"

Bibi akapasha mafuta, akamchua goti lile kwa dakika ishirini, muda wa matairi. Alipoinuka, Mswisi alipiga hatua mbili, akageuka, akanitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyefanya.

Mwaka wa pili alikuja hana meno mawili ya mbele.

"Haya, yamekwenda wapi?" bibi akauliza.

"Barafuni," nikamfasiria.

"Mwambie arudi akayatafute," akasema jirani nilipomfikishia kwa Kiarabu, na hilo nalo nikalifasiri, na Mswisi akacheka mpaka bega bovu likamuuma. Maana mwaka ule palikuwa na bega pia. Kila mwaka palikuwa na kipya: kidole kilichopinda, nyusi iliyoshonwa, mbavu. Lakini goti lilikuwa lile lile, na kila mwaka bibi alilianza kwa kuliwekea kiganja kimya kimya, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Utaniuliza kwa nini nilimpenda mtu yule. Kwa sababu alijibu. Nilikuwa mtoto wa maswali, na skuli nilishazoea mwalimu kuniambia, "Wewe kaa chini, wengine wasome." Mswisi nilimuuliza kwa nini barafu haivunjiki, akanichorea. Nilimuuliza kwa nini anapigana, akafikiri, akasema hajui. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia hajui. Aliniambia kuwa amekuwa na timu moja tangu utotoni, timu ya mji mdogo wa milimani, kwamba timu kubwa zilimwita akakataa, na kwamba usiku mwengine hulala akijiuliza kama alikataa kwa mapenzi au kwa woga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikaa na jawabu lile mwaka mzima nikimngoja.

Mwaka wa tatu bibi aliweka kiganja, akakaa nacho kuliko kawaida.

"Anacheza muda gani?" akauliza.

Mswisi akaeleza kuwa mshambuliaji hakai barafuni hata dakika nzima. Anatoka, anakaa benchi, anapumua, mwengine anaingia, kisha anarudi.

Bibi akasikiliza. "Sasa mtu anayejua kupumzika kila dakika," akasema, "hajui kupumzika moja kwa moja? Mwambie goti hili limekwisha. Mwambie aache. Akiacha sasa atawabeba wanawe. Asipoacha, atabebwa yeye."

Nilimtazama Mswisi. Alikuwa ameinama mbele anangoja, uso mzima umenifungukia. Nikafikiri: akiacha kucheza, hatachoka, asipochoka, hataumwa, asipoumwa, atakuja kufanya nini kwetu? Nilifikiri hivyo hasa, kwa hesabu ya mtoto. Nikafungua mdomo.

"Anasema mwaka mmoja zaidi," nikamwambia. "Anasema unaweza."

Akatabasamu na pengo lake. Akaushika mkono wa bibi uliojaa mafuta, akaubusu.

Bibi akauvuta mkono. Jirani akashtuka, akaomba msamaha kwa Mungu kwa niaba ya wote. Mjomba akapiga honi nje. Mswisi akaondoka karibu anakimbia, na bibi akabaki anautazama mlango.

"Umemwambia nini?"

"Ulivyosema, bibi."

"Nilimwambia aache kazi yake, naye akacheka?"

Nikakusanya vikombe. Akachukua kitambaa, akapangusa kidole kimoja kimoja. "Haya," akasema.

Ungetegemea anichape, au amwambie mjomba. Nami nilingoja hivyo siku nyingi. Sikuchapwa. Alinipa vitumbua vyangu, akanisuka nywele zangu, akanifundisha kukoroga mafuta yale ili karafuu isiungue chini. Na mwaka wa nne Mswisi alipokuja, bibi alinambia tena nimfasirie, kana kwamba hakuna mfasiri mwengine duniani. Nami nikasema tena, mwaka mmoja zaidi. Na wa tano. Uongo ukishasemwa mara moja haukuombi ruhusa tena. Mwaka wa sita, kabla sijamuuliza nimwambie nini, bibi alisema bila ya kuinua macho kutoka gotini, "Mwambie unalolitaka. Ndilo unalomwambia."

Nikamwambia nililolitaka.

Mwaka wa saba ulikuwa wa mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeshaanza kujua aibu. Vidole vya bibi vilikuwa vimeanza kupinda, vikombe vilimponyoka, na jirani ndiye aliyepasha mafuta. Bibi akamchua kwa kiwiko zaidi kuliko viganja. Alisema neno. Nikafasiri nilivyozoea. Mswisi akaenda zake kucheza msimu mwengine. Mwaka uliofuata ndege zikasimama dunia nzima kwa ajili ya maradhi yale, na kabla hazijaruka tena bibi akafariki. Si kwa maradhi yale, alilala tu mchana akachelewa kuamka. Mswisi alimtumia mjomba salamu za rambirambi. Hakuja tena. Kambi aliyokuwa mjomba akiifanyia kazi imepata mwenyewe mwengine, na wageni siku hizi wanateremshwa kwenye mgahawa wa barabarani wenye viyoyozi, wanakunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi.

Sasa hiyo habari ya gazeti. Nimeisoma kwa tafsiri ya simu, kwa hiyo jua kwamba hata mimi napita kwa mfasiri nisiyemwamini. Mswisi ameacha. Ana miaka arubaini na moja, misimu yote timu ile ile, na picha inamwonyesha amebebwa mabegani na wachezaji vijana, anazungushwa uwanjani, mikono juu. Ukiitazama vizuri unaona kwamba amebebwa kwa sababu hawezi kuzunguka mwenyewe. Goti litatolewa, atawekewa la chuma. Mwandishi anamuuliza ni nini kilichomfanya adumu hivyo. Naye anasema kulikuwa na bibi mmoja Oman, pembezoni mwa jangwa, ambaye kila mwaka alimchua goti lake na kila mwaka alimwambia: mwaka mmoja zaidi, unaweza. "Madaktari wote waliniambia niache," anasema. "Nilimwamini yeye."

Kwenye grupu la familia watu wameweka mioyo na machozi. Shangazi ameandika, "Allah amrehemu, alikuwa na baraka." Mjomba ameandika kwamba sasa bibi ni mashuhuri Ulaya.

Nimejitetea kwa kila njia niliyofundishwa chuo kikuu. Mtu mzima haamuliwi na mtoto wa kike wa Al Mintirib. Alikuwa na madaktari, alikuwa na mke, alikuwa na goti lake mwenyewe linalomwambia kila asubuhi. Angecheza tu. Huenda. Lakini huwezi kuuliza maswali ya kila mtu ukaliruka la kwako. Na hata kama yeye alitaka kudanganywa, bibi hakutaka kuwa mdanganyaji. Amelala kaburini anabebeshwa neno la mtoto mchoyo.

Basi Ijumaa ile, nikiwa nimekaa kwenye vigae na chupa tupu, nilimwomba mjomba namba ya Mswisi. "Unataka kumpongeza?" akauliza. Nikasema ndiyo. Unaona, bado mwepesi wa uongo.

Nikaandika: Mimi ni yule mjukuu. Bibi hakuwahi kusema mwaka mmoja zaidi. Alisema uache, tangu mwaka wa tatu. Maneno yale yalikuwa yangu, kwa sababu nilitaka urudi. Nisamehe, na tafadhali usimtaje tena kwa neno lile. Nikatuma kabla sijapata muda wa kuyapamba.

Tulitoa kabati, tukatoa mikeka, tukatoa lile sinia. Friza haikupita mlangoni, ikabidi tuung'oe mlango. Jirani, sasa anatembea kwa mkongojo, alikuja kusimama uani, akatazama sebule tupu, akasema kwa Kiarabu kwamba kumbe chumba kilikuwa kidogo hivi.

Jawabu lilikuja baada ya sala ya alasiri. Hakusema amenisamehe. Hakusema alijua, wala hakusema hakujua. Aliandika swali, yeye sasa ndiye wa kuuliza: "Miaka mingine alisema nini?"

Nilikaa garini, mlango wazi, nikafikiri sitakumbuka. Yale mengine yote niliyomfasiria bibi utotoni, ya watalii na ya daktari wa macho na ya mwalimu wangu, nimeyasahau. Niliyapitisha yakaenda. Haya niliyoyazuia nimekuta yote yamebaki, neno kwa neno, kwa sauti yake.

Nikamwandikia. Mwaka wa tatu alisema utawabeba wanao. Mwaka wa nne alisema ndani ya goti lako anasikia mchanga. Mwaka wa tano alisema, muulize kama mama yake yuko hai, na kama yuko, anamtazamaje akicheza. Mwaka wa sita maneno aliniambia mimi, si wewe.

Mwaka wa saba kidole kilikataa. Mjomba akapiga honi, anataka tuondoke kabla jua halijamkabili njiani. Nikaandika.

Mwaka wa saba alisema, mwambie na mimi nimechoka.