Wali wa Ndoo ya Maua

Siku hiyo tulikuwa watu kumi na saba nyumbani kwetu, nje kidogo ya Malaba. Upande wetu tulikuwa mimi, kifungua mimba. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anaposwa. Wadogo zetu wawili wa kiume, mmoja mwenye boda boda pale mpakani na mwingine mpakiaji mizigo. Shangazi yetu wa Amagoro, aliyekalia kiti ambacho mama angekalia. Na mzee jirani, msemaji wetu, kwa kuwa baba naye hayupo. Upande wa wageni alikuja kijana mwenyewe, mama yake, baba yake mdogo ambaye hushona sare za shule kule Busia, shangazi zake wawili, nyanya yake aliyeletwa kwa boda boda kama bibi harusi, marafiki zake wanne, na mama mmoja aliyesema yeye amewasindikiza tu lakini akaketi karibu na mlango wa jikoni.

Walikuwa wametuambia watakuja sita.

Mama wa yule kijana alikuwa amesema jambo ambalo lilitufikia kabla yake, maana hapa kwetu maneno hayalipi nauli. Alisema hana ubaya na msichana, ila anataka kwanza kuiona nyumba ya watoto waliojilea wenyewe. Akiridhika, ndoa ipo. Asiporidhika, mwanawe atafute kwingine. Nilitoka shule kidato cha pili ili wale watatu wapate kula, na tangu hapo sijawahi kuogopa mgeni kama nilivyomwogopa huyo mama. Nilifagia uwanja mara mbili.

Sasa niseme kuhusu ndoo. Kazi yangu ni kukausha maua ya harusi. Bibi harusi akimaliza siku yake ananiletea shada lake, mimi nalikausha, nalipanga nyuma ya kioo kwenye fremu, naye anawapa wazazi au wasimamizi wake kama zawadi ya kumbukumbu. Nilianza kwa kubana maua ndani ya kitabu changu cha Jiografia, ambacho kilikuwa kinene na hakikuwa na kazi nyingine. Baadaye nikajifunza kuyazika ndani ya mchele mkavu, unaonyonya maji taratibu bila kuliponda ua. Siku hiyo, shada la bibi harusi mmoja wa Busia lilikuwa limelala kwenye ndoo ya mchele kwa siku ya tisa. Juu ya mfuniko nilikuwa nimeandika kwa mkaa, herufi kubwa: INA MAUA. Nyumba yenye wanaume wawili wenye njaa lazima uandike.

Wageni walipozidi, wali ukapunguka. Mimi nilikuwa sebuleni nikisikiliza salamu zisizoisha. Mdogo wangu, ambaye wali huo ulikuwa wake kuliko wa mtu yeyote, akaifungua ndoo, akayatoa maua moja moja, akayalaza kwenye ungo juu ya kabati. Mchele akaupepeta, akauosha, akaupika. Mimi hujua mambo ya nyumba hii yote, lakini hilo sikulijua.

Wakala. Wakasifu. Nyanya aliomba aongezewe. Mama wa kijana alisema, "Huu wali una harufu nzuri, mmetia nini?" Shangazi yetu akajibu kwa madaha, "Ni mkono tu, mama." Nikaanza kupumua.

Kisha mdogo wangu akaleta maji ya kunywa. Sinia zote zilikuwa na nyama, kwa hiyo vikombe alivipanga juu ya mfuniko wa ndoo. Vikombe vilikuwa vimetoka kuoshwa, chini vinadondosha maji, na kila mgeni aliyechukua chake alikiburuta kidogo. Cha mwisho kilichukuliwa na baba mdogo, yule fundi wa sare. Akanywa, akatazama mfuniko, akavaa miwani.

"Hapa kumeandikwa nini?"

MA ilikuwa imefutika yote. Kilichobaki alikisoma kwa sauti, polepole, kama anapima kitambaa: "I-na-u-a."

"Hiki kifuniko ni cha nini?" akauliza mama wa kijana.

Mdogo wangu hajui kudanganya. "Ni cha ndoo ya mchele, mama."

"Mchele gani?"

"Huu mliokula."

Jamani! Shangazi mmoja alishika tumbo. Mwingine aliuliza kama hospitali ya Kocholia iko wazi. Rafiki mmoja wa kijana akasema, "Kwani mnatuua kabla hata ya mahari? Si mngengoja tulipe?" Yule mama wa kusindikiza akapiga kelele kwamba ni dawa ya panya, kwamba yeye alisikia uchungu tangu kijiko cha kwanza, ingawa sahani yake ilikuwa inang'aa. Mama wa kijana alikuwa amesimama tayari, mkoba begani. Nilimwona mdogo wangu akiuangalia mkoba ule.

"Ni maua!" nikasema. "Iliandikwa ina maua. Maji yamefuta!"

"Sasa ni ina ua," akaongeza mzee jirani akijaribu kutusaidia, "yaani ina ua moja."

"Hilo moja ndilo linaloua," akasema fundi.

Nikaona maneno hayatanifikisha popote. Nikachukua sahani ya fundi, nikala kilichobaki. Nikachukua ya shangazi wa kwanza, nikala. Nikafikia ya nyanya, akauondoa mkono wangu. "Yangu wacha," akasema, "mimi nilikuwa bado naendelea."

Hapo mtu wa kwanza akacheka. Mdogo wangu akaleta ungo. Maua yalikuwa mazima: mawaridi meupe yaliyogeuka rangi ya maziwa ya chai, makavu kama karatasi, hakuna petali iliyoanguka. Mama wa kijana aliuweka mkoba chini ili ashike ungo vizuri.

"Ni nani ameyatoa kwenye mchele?"

"Ni mimi," akasema mdogo wangu.

"Na hukuvunja hata moja, na wageni wako mlangoni?"

"Yana mwenyewe, mama. Ningevunja, dada angemwambia nini?"

Yule mama akaketi, akasema kwa sauti ya watu wa mahari, "Basi nyumba nimeiona. Lakini faini iko. Mmetutisha kumi na mmoja. Siku ya harusi, kila mmoja wetu apewe fremu yake, na ua litoke kwake nyumbani." Mzee jirani akakubali kabla sijafungua mdomo. (Yule bibi harusi wa Busia alipata fremu zake kwa wakati. Kama anasoma hapa, aniwie radhi: mchele wake ulikuwa mtamu.)

Siku ya harusi nilitoa fremu kumi. Nyanya alikuwa ameleta ua la mlangilangi, marafiki walileta maua ya uani kwa jirani yao bila ruhusa, fundi alileta mbelewele ya mahindi akasema hilo ndilo ua la kwake.

Ya kumi na moja ni ya mkwe wetu, mama wa kijana. Yeye hana bustani, analima maboga. Akaleta ua la boga. Ua la boga ni maji matupu. Kwenye mchele liliyeyuka. Kwenye kitabu cha Jiografia likagundisha Uganda na Tanzania. Kwenye mchanga likawa kamasi.

"Nikupe la rangi gani lingine?" nilimwuliza.

"Mimi ni mtu wa maboga," akasema. "Endelea tu kujaribu."

Mdogo wangu ameolewa kwake misimu miwili sasa, na wanapendana hadi wananisengenya pamoja. Juzi wameniletea ua jingine, limefungwa kwenye jani la mgomba, limechumwa alfajiri kabla halijafumba. Safari hii nimelizika kwenye chumvi. Jana nilichungulia. Bado lina maji.